Magoti ya Mama Mkwe

Mkutano ulikuwa unakaribia kwisha pale mwanamke muuza maziwa alipoinua mkono. Mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ni mke wa seremala, alikuwa ameshafunga daftari lake. Alikuwa amesoma hesabu yote bila kukwama: nyumba arobaini na saba, vyoo arobaini na saba, vyote vina mlango, vyote vina mfuniko, na nje ya kila kimoja limening'inizwa dumu la maji ya kunawia. Bwana afya kutoka wilayani alikuwa akiitikia kwa kichwa. Watu walijibana kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakikaribia videvu, wakisubiri kuambiwa waende zao.

"Nina swali dogo," alisema muuza maziwa. "Hizo arobaini na saba, na nyumba yako imo?"

"Imo."

"Na choo chenu kinatumika?"

"Mlango wake ni wa mbao ngumu. Mume wangu ni seremala, wote mnamjua."

"Mlango sikuuliza, dada. Nauliza mama mkwe wako kila asubuhi anakwenda wapi na lile jembe, wakati shamba hana."

Kicheko kilianzia madawati ya nyuma, kikaja mbele kama maji yaliyomwagika. Mhudumu alisimama na daftari lake kifuani. Kwa miaka mitatu alikuwa amezunguka nyumba hadi nyumba akihimiza vyoo, mpaka watoto wakampa jina la Bi Choo, na jina hilo alikuwa amelizoea, hata akalipenda kidogo. Siku hiyo lilimwasha mwilini kama upupu.

Muuza maziwa hakucheka. Mvua zilizopita mwanawe wa mwisho alilazwa siku sita kwa kuhara, sindano ya maji mkononi, macho yamezama. Familia yake ilikuwa inachota maji kijitoni, chini ya kile kichaka ambako bibi mwenye jembe alikuwa akiingia kila asubuhi. Hakuwa amesimama kwa ajili ya umbea.

Bwana afya alifunika kalamu yake. "Alhamisi ijayo narudi," alisema. "Sitasoma daftari. Nitatembea kwa miguu. Mnajua kijiji kitakachopata cheti ndicho kitakachochimbiwa kisima kwanza. Sitaki kuandika uongo, na nyie msinifanye niuandike."

Watu walitoka wakimpita mhudumu pembeni, wengine wakimpa pole ya mdomoni, wengine hata hiyo hawakutoa.

Seremala alikuwa karakanani kwake, kibanda cha mabati kilichojaa harufu ya mbao mbichi, akipiga randa mguu wa kiti. Shule ilikuwa imemwagiza viti kumi na viwili na sita vilikuwa tayari, vimepangwa ukutani kama wageni. Mke wake aliingia, akakaa kwenye kimojawapo, akamweleza.

Seremala aliendelea na randa, lakini taratibu.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza mke.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kipupwe cha mwaka jana. Mwanzoni alikuwa anatumia. Baadaye akaacha."

"Ukaniacha nisimame mbele za watu na mlango wako wa mbao ngumu."

Seremala aliweka randa chini. "Sasa ulitaka nifanye nini, mama watoto? Niende nikamwambie mama yangu mzazi nini? Mama, mbona huendi chooni? Nianzie wapi na nimalizie wapi? Wewe ndiye mhudumu. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Yule ni mama mkwe wangu. Nyumba za watu naingia, nafunua mfuniko, nachungulia. Yule namheshimu."

"Na mimi namheshimu."

Kweli walikuwa wanamheshimu, wote wawili, na kwa heshima hiyo mwaka mzima ulikuwa umepita bila mtu kumuuliza mama huyo neno hata moja.

Kesho yake mhudumu alijaribu njia ya kuzunguka. Alisugua sakafu ya choo kwa majivu na maji ya moto, akaweka sabuni mpya, akashona pazia dogo la dirishani. Kisha akamfuata bibi uani, ambako alikuwa anapembua mchele, akasema kama mtu anayezungumza na ungo, "Mama, choo nimekisafisha leo. Kinang'aa."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema bibi bila kuinua macho. "Usafi ni jambo jema."

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe lake akaenda kichakani.

Hakufika. Muuza maziwa alikuwa amesimama njiani, dumu la maziwa kichwani, kama askari wa zamu. Hakumtukana. Pengine ingekuwa afadhali kama angemtukana, kwa kuwa bibi huyo ulimi anao na angejibu. Alimwamkia kwa adabu zote, akamshika kiwiko, akamgeuza, akamrudisha nyumbani kwa kupitia barabara kuu, mbele ya duka, mbele ya kinyozi, mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni kwenye mashine ya kusaga. Kila aliyeuliza kuna nini alijibiwa, "Namsindikiza bibi, alikuwa amepotea njia."

Bibi alitembea ametazama mbele, kilemba chake kimenyooka. Alipofika uani aliegemeza jembe ukutani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Mchana hakula. Alisema ameshiba. Jioni alikunywa chai robo kikombe, iliyobaki akaimwaga kwenye maua. Siku ya pili akala vijiko viwili vya uji. Wajukuu walifurahi kumalizia sahani yake. Seremala alidhani mama amekasirika, akasema hasira za wazee huisha zenyewe.

Siku ya nne asubuhi mhudumu alimkuta ameketi kitandani akijaribu kufunga kanga, vidole havimsikii. Midomo ilikuwa imepasuka. Alimshika ngozi ya mgongo wa mkono, akaivuta kidogo, akaiachia. Ilibaki imesimama. Mhudumu alishaiona ngozi ya namna hiyo kwa watoto wanaohara, hakuhitaji kufundishwa.

"Mama, hunywi maji."

"Nakunywa."

"Hunywi. Na huli. Umeamua usile wala usinywe ili usipate haja ya kwenda popote."

Bibi alitazama ukutani.

Mhudumu alileta maji ya chumvi na sukari, akakaa naye kitanda kimoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Akamnywesha kijiko kimoja kimoja kama anavyonywesha watoto wa wenzake. Maneno aliyoyazoea yote yalimjia mdomoni, ya nzi, ya vijidudu, ya maji ya kijitoni, maana aliyajua kwa moyo. Akayameza. Kikombe kilipofika nusu akauliza kitu ambacho hakikuwamo kwenye daftari lake.

"Mama, ukiingia mle chooni huwa inakuwaje?"

"Weka kikombe chini," alisema bibi.

Akaeleza. Kipupwe cha mwaka jana, siku ya baridi, magoti yakiwa yamekaza tangu alfajiri, aliingia chooni akachuchumaa. Kushuka alishuka. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Alitafuta cha kushika. Ukuta umesakafiwa laini, mlango mwanawe ameupiga msasa hata kucha haikamati. Akaanguka kwa makalio juu ya sakafu iliyolowa, mguu mmoja ukateleza hadi ukingoni mwa tundu.

"Nilikaa pale," alisema. "Nilikuwa nawasikia. Mwanangu anakata mbao, anaimba. Wewe uko uani unagombana na kuku. Mngesikia kama ningeita."

"Kwa nini hukuita, mama?"

"Ningemwita nani? Mwanangu aje anikute vile? Au wewe, mke wa mwanangu, uniinue na uchafu wangu, halafu kesho unipakulie chakula tutazamane?" Alifuta midomo kwa ncha ya kanga. "Nilitambaa. Nilivaa nguo kwa kulala. Nikasema nimeteleza kwenye matope. Ulinifulia ile nguo, hukuuliza."

Mhudumu aliikumbuka nguo hiyo.

"Kule kichakani kuna kisiki, kina tawi moja limebaki, kama hivi." Bibi alikunja mkono wake kuonyesha. "Nakishika kwa mikono miwili, nashuka, napanda. Jembe nalichukua ili nifukie, mimi si mnyama. Mnadhani nakipenda kile kichaka? Mna siafu mle. Lakini kisiki hakijawahi kuniangusha."

Mhudumu aliinamisha kichwa. Miaka mitatu alikuwa amehesabu milango, mifuniko na sabuni. Fomu aliyopewa ilikuwa na sehemu kumi na moja za kujaza na hakuna hata moja iliyohusu magoti.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nikusamehe nini? Hukujua." Bibi alinyoosha mkono. "Lete hicho kikombe. Kina chumvi nyingi, lakini lete."

Seremala alisikiliza habari hiyo amesimama katikati ya viti vya shule. Vilikuwa vimefika tisa. Mkewe alipomaliza, seremala alivitazama viti kimoja baada ya kingine. Kijijini hapo hapakuwa na mtu aliyekaa kitako asiyekalia kazi ya mikono yake: mwalimu mkuu, kinyozi, hata muuza maziwa alikuwa na kigoda chake cha kukamulia. Akapitisha kiganja usoni, akaacha mstari wa vumbi la mbao kuanzia paji hadi kidevuni, akachukua futi yake, akatoka.

Bibi alikuwa ameegemea mto, amepata nguvu kidogo.

"Mama, nimekuja kukupima."

"Unipime nini? Sanda?"

"Kiti."

Walitazamana. Bibi alielewa mara moja, na seremala akaona kwamba ameelewa, na wote wawili wakaona kwamba hakuna haja ya kusema zaidi. Bibi alishusha miguu chini, akainyoosha kanga juu ya magoti.

"Haya, pima. Usikifanye kirefu. Sitaki kuning'inia kama mtoto."

Akampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kama anavyompima mteja yeyote, na akauliza maswali ya fundi. Upande gani una nguvu zaidi? Akiinuka hutanguliza mkono upi? Bibi alijibu kila swali kwa kirefu, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Kiti cha kwanza hakikufaa. Kilitikisika kwenye sakafu yenye mteremko, na tundu lake halikukaa sawa na la chini. Bibi alikitazama kutoka mlangoni akasema huyo ni punda mlevi, hampandi. Seremala alikivunja akaanza upya. Safari hii alikata miguu ya nyuma mifupi kidogo kufuata mteremko, akachimba vishimo vinne kwenye sakafu ili miguu izame ndani, akapaka kiti chote rangi ya mafuta mara mbili ili mbao zisinywe harufu. Akapigilia ukutani magogo mawili mazito ya kushikia, moja kila upande, akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote kuhakikisha. Mwisho akang'oa mlango wake wa mbao ngumu, akaugeuza ufungukie nje.

Mwalimu mkuu alipita kuulizia viti vyake vitatu vilivyobaki. Seremala alimwambia vitachelewa, kuna kazi ya mtu mkubwa imeingia.

Rangi ilipokauka, bibi alikuja uani na fimbo yake, akawakusanya.

"Tokeni," alisema.

"Tutoke wapi, mama?"

"Nje. Barabarani. Wote. Na kuku ikiwezekana."

Wakatoka, seremala, mkewe na watoto watatu, wakapanga mstari kando ya barabara kama watu wanaosubiri basi. Kinyozi alipita na baiskeli. "Mmefukuzwa?" aliuliza.

"Tumetoka kidogo kupunga upepo," alisema seremala.

Walisubiri. Mhudumu alikuwa amebana mikono kwapani, masikio yote yako nyumbani, akiogopa kusikia kishindo. Kilichosikika ni maji ya kunawa yakimwagika, halafu mlango, halafu sauti ya bibi, kavu na ya juu: "Rudini. Na kuna nini cha kula leo, mimi nina njaa."

Siku hiyohiyo mhudumu alichukua daftari akaanza kuzunguka tena, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Hakufunua mfuniko wowote. Aliuliza, "Hapa nyumbani, choo kinamshinda nani?" Mwanzoni watu walimshangaa. Kisha wakaanza kusema. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane alisema mlango ni mwembamba na yeye amekuwa mpana. Mtoto wa miaka minne aliliogopa tundu, alisema lina mdomo. Mzee asiyeona alikuwa anachelea kukanyaga hewa, hivyo anajisaidia nyuma ya banda la mbuzi, na nyumba nzima ilikuwa inajifanya haijui. Mpaka jua linatua alikuwa amepata nyumba tisa.

Kwa muuza maziwa hakupita getini. "Kwetu hakuna tatizo," muuza maziwa mwenyewe alimwambia, ameshika komeo. Nyuma yake, kwenye mlango wa chumba cha uani, palikuwa na ndoo iliyofunikwa gunia, na ndani ya chumba mzee alikuwa anakohoa. Mhudumu aliona, akasikia, na akaaga bila kuandika chochote.

Alhamisi bwana afya alikuja na viatu vya kutembelea, kama alivyoahidi. Kabla hajatoka shuleni mhudumu alisimama.

"Wiki iliyopita nilisema arobaini na saba," alisema. "Nilihesabu vyoo. Nimerudi nikahesabu watu. Nyumba ambazo kila mtu anatumia choo ni thelathini na nane."

Minong'ono ikazuka. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba kisima ndicho hicho kimeondoka. Mwingine akasema Bi Choo amelipiza yake kwa kijiji kizima. Mhudumu alibaki amesimama, na alipoanza kueleza habari ya mimba, ya tundu lenye mdomo na ya magoti, bila kutaja mtu hata mmoja, minong'ono ilipungua yenyewe. Karibu kila mtu pale alikuwa na mtu wake nyumbani.

Muuza maziwa aliinuka. Alikuwa ameinamia dawati muda wote huo.

"Thelathini na saba," alisema. "Baba yangu amepooza upande mmoja. Ndoo yake naimwaga mimi, alfajiri, kule juu ya kijito." Alimgeukia bwana afya. "Mwanangu alipoumwa nilitafuta wa kumlaumu. Andika thelathini na saba."

Hakuna aliyecheka. Bwana afya aliandika. Kisha akasema cheti hatakitoa siku hiyo, lakini jina la kijiji hatalifuta, na kwamba anawapa miezi miwili. Aliomba aonyeshwe hicho kiti. Bibi alimpokea mlangoni mwa choo chake na fimbo mkononi, akamwambia anaruhusiwa kutazama, kukalia haruhusiwi.

Jumamosi bibi alivaa kanga mpya, akamwambia mkwewe wafuatane. Kwa muuza maziwa walikuta geti limefungwa. Bibi aligonga kwa fimbo.

Muuza maziwa alipowaona alirudi hatua nyuma. "Bibi, mimi sina la kusema mbele yako. Ile siku ya barabarani—"

"Ile siku ulinishika kiwiko cha kushoto," alisema bibi. "Ndicho kibaya. Siku nyingine nishike cha kulia. Baba yako yuko wapi?"

"Ndani. Lakini hataki. Miezi minane namsihi. Nimemwambia nitambeba mwenyewe, akanirushia kikombe."

"Na mimi ningekurushia."

Bibi aliingia chumba cha uani peke yake, akarudishia mlango. Wanawake wawili walibaki nje, katikati yao ile ndoo yenye gunia. Muuza maziwa akaleta kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akamsogezea mwenzake.

"Nilikuaibisha," alisema.

"Uliniaibisha," alikubali mhudumu, akakaa. "Lakini kama usingeniaibisha, mama angekuwa bado anazungumza na kisiki. Mtoto anaendeleaje?"

"Amenenepa. Anapiga wenzake."

Wakacheka kidogo. Ndani ya chumba sauti ya bibi iliendelea, ya chini, haikuharakisha. Ikanyamaza. Kisha kikasikika kitu ambacho muuza maziwa hakuwa amekisikia tangu baba yake apooze: mzee alikuwa anacheka, kicheko kizito cha upande mmoja wa mdomo, kikikatizwa na kikohozi na kuanza upya.

Bibi alitoka akijifuta macho.

"Umemwambia nini?" aliuliza muuza maziwa.

"Nimemwambia jinsi nilivyoanguka. Yote, mpaka vile nilivyovaa nguo kwa kulala. Sasa hana cha kunionea haya, mimi nimemtangulia." Akaanza kuelekea kwenye choo cha nyumba ile, fimbo ikipiga ardhi, nao wakamfuata. Aliufungua mlango, akachungulia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akapima kwa jicho umbali kutoka kizingitini hadi kwenye tundu. Hakuridhika.

"Andika, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Mlango ufungukie nje. Gogo la kushika liwe moja tu, upande wa kulia, huo mwingine haumfai. Njia kutoka chumbani isawazishwe, kuwe na kamba ya kufuata. Ampime mume wako mwenyewe, wanawake tukae mbali." Alifikiri kidogo. "Na kiti kiwe kifupi. Atasema yeye ni mrefu. Mimi namjua tangu ujana wetu, si mrefu kama anavyodai."

Mhudumu alifungua ukurasa mpya akaandika yote, mpaka na hilo la mwisho.